Nyaya Mbili Chini ya Mkono wa Klachi

Ukipanda kutoka Mwanga mjini kwenda Ugweno, kitu cha kwanza utakachojifunza kuhusu pikipiki ni namna ya kuiegesha. Kule tambarare unasimama, unashusha stendi, unazima, unaondoka. Huku juu kuna swali katikati: je, itakaa? Pikipiki haina breki ya mkono. Ukiiacha nyutro juu ya udongo mwekundu uliolowa, stendi huanza kuchimba, pikipiki ikainama, halafu ikaondoka bila wewe. Kwa hiyo dereva wa Kifula, wa Shighatini au wa Msangeni hufanya kile alichomwona mwenzake aliyemtangulia akifanya. Anaizima ikiwa kwenye gia ya kwanza, na injini ndiyo inayoshika tairi. Nimekulia kwenye milima hii na sikuwahi kuifikiria tabia hiyo hata siku moja, mpaka mtoto wa watu alipovunjika mguu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya kaka yangu. Ilikuwa ya cc 150, ya mkononi, imepita kwa watu wawili kabla yake. Jina la kiwanda silitaji, maana kosa nitakalolisimulia si la kiwanda.

Usiku mmoja wa Novemba 2016, mvua za vuli zikiwa zimechachamaa, shangazi yetu alibanwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Nyumba ya shangazi iko bondeni, chini ya barabara, na kinjia cha kutokea hapo hupanda kwanza kabla ya kukutana na barabara inayoshuka. Kaka alikaa juu ya pikipiki, akafungua ufunguo, taa zikawaka, akabonyeza stata. Kimya. Akabonyeza tena, akatikisa usukani, akabonyeza. Kimya. Kiki ilikuwa imekwisha meno tangu mwaka uliotangulia, na kwa kuwa stata ilikuwa nzima hakuna aliyeona haja ya kuitengeneza.

Kila mtu wa milimani anajua dawa ya pikipiki isiyowaka: mteremko. Unatia gia ya pili, unashika klachi, unaiachia ishuke, unaachia klachi ghafla, injini inashtuka na kuamka. Ila sisi tulikuwa chini, na mteremko ulikuwa juu yetu. Tuliisukuma watu watatu kwenye tope, miguu ikiteleza, huku nyuma yetu shangazi ameegemea bega la mama na kila pumzi yake ikitoka na mluzi. Sijui tulichukua dakika ngapi. Tulipofika barabarani iliwaka kwenye kona ya kwanza, shangazi akapakizwa katikati ya kaka na jirani, wakapotea kwenye ukungu. Alipona. Ninalitaja hilo mapema ili msomaji asisome akiwa na wasiwasi usio wa lazima. Mgonjwa wa simulizi hii ni mwingine.

Asubuhi yake tuliiburuza hadi kwa fundi pale Kifula. Kibanda chake kilikuwa mabati matatu na mti wa mparachichi. Tulimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akaanza kuuliza maswali kama daktari.

“Honi inalia?”

“Inalia, fundi.”

“Taa hazififii ukibonyeza?”

“Hazififii. Ni kimya tu.”

“Basi betri ipo.” Akahakikisha iko nyutro, akavua kifuniko cha pembeni, akachukua bisibisi yenye mpini wa plastiki na kugusanisha boliti mbili za rilei. Cheche ikaruka, injini ikazunguka. “Stata nzima. Betri nzima. Ugonjwa uko kati ya kidole chako na hii rilei.”

Hapo ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza habari ya swichi ya klachi. Iko chini ya mkono wa klachi, upande wa kushoto wa usukani, ndogo kuliko kifundo cha kidole. Ndani yake kuna kijiti cha plastiki, springi, na vipande viwili vya shaba. Ukivuta klachi, kijiti kinatoka, vipande vinagusana, umeme unapita. Ukiachia, vinaachana. Katika pikipiki nyingi umeme wa stata hupewa njia mbili: ama gia iwe nyutro, ama klachi iwe imevutwa, na mojawapo ikitosha injini huzunguka. Kati ya njia hizo huwekwa dayodi, mlango wa umeme unaofunguka upande mmoja tu, ili kuvuta klachi kusije kukawasha taa ya nyutro na kumdanganya dereva. Nyingine, kama ile ya kaka, hazina njia ya pili. Hata ukiwa nyutro, usipovuta klachi haiwaki. Na swichi ikifa, ndiyo basi.

Fundi akainama, sikio karibu na usukani, akavuta mkono wa klachi polepole. Swichi nzima hutoa mlio mdogo, tik. Hii haikutoa kitu. Akaifungua. Kijiti kilikuwa kimenata kwa tope lililokauka, na shaba imeota kutu ya kijani. Akachomoa soketi yake, akakunja kipande cha waya kama pini ya nywele, akakichomeka kwenye matundu mawili ya upande unaokwenda kwenye mfumo. Akabonyeza stata. Ikawaka.

“Mmeona? Sasa mchague. Swichi hii hapa sina. Mwanga sina hakika, Moshi zipo. Au naunga dairekti.”

“Unga,” tulisema sote wawili, hata kabla hajamaliza. Usiku ule ulikuwa bado kwenye magoti yetu. Akakata nyaya mbili, akazimenya, akazisokota, akazungushia utepe mweusi. Elfu mbili. Alipokuwa anafuta mikono alisema sentensi moja: “Sasa hii itawaka hata klachi haijashikwa. Uwe unaangalia gia.” Kaka akaitikia kwa kichwa. Akaangalia gia kila siku tangu hapo, kwa miaka miwili na zaidi, na hakuna lililotokea.

Nimekuwa nikiirudia sentensi ile. Kwenye swichi, onyo lilikuwa ndani ya chombo na mtu hakuhitaji kulijua. Baada ya kuunganisha, lilihamia kwenye kichwa cha kaka yangu.

Nilipoanza kutafuta historia ya kidude hiki nilikuta ni historia ya stata yenyewe. Ilipokuwa injini inaamshwa kwa nguvu za mwili, hakukuwa na haja ya kuzuia kitu. Anayepiga kiki yuko juu ya pikipiki, anaikandamiza kwa uzito wake, na ikiwa kwenye gia mguu unamwambia mara moja. Umeme ndio ulioleta uwezekano wa kuamsha chombo kizito kwa ncha ya kidole, hata kidole cha mtu asiyejua anachofanya. Kwa magari mlango huo ulifunguliwa na Charles Kettering, ambaye stata yake ya umeme iliingia kwenye Cadillac za mwaka 1912. Miaka miwili baadaye kampuni ya Indian ya Marekani ikajaribu kwenye pikipiki, ikaiita Hendee Special. Betri za wakati ule hazikuiweza kazi hiyo, na mradi ukafa mwaka huo huo. Dunia ya pikipiki ikarudi kwenye kiki kwa miongo kadhaa, hadi Wajapani walipoirudisha stata, na Honda CB750 ya mwaka 1969 ikawazoesha watu kwamba pikipiki kubwa huamshwa kwa kitufe.

Hata mahali pa klachi palikuwa pa kubishaniwa. Zamani pikipiki nyingi za Kimarekani zilikuwa na klachi ya mguu na gia ya mkono. Waingereza walibadili gia kwa mguu wa kulia. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine alikuwa anakanyaga breki akidhani ni gia. Mwaka 1974 sheria ya Marekani ikaamua: klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, kwa pikipiki zote zitakazouzwa huko. Na kwa kuwa soko lile lilikuwa kubwa, viwanda vikafuata. Kijana wa Kifula anayevuta klachi kwa mkono wa kushoto anatii uamuzi uliofanywa Washington kabla mama yake hajazaliwa. Sisemi kwa ubaya. Uamuzi ule ulikuwa mzuri.

Lakini mwaka huo huo wa 1974, Marekani hiyo hiyo ilipata somo jingine, nalo linanichekesha kila nikilikumbuka. Serikali ilikuwa imeagiza magari mapya yasiwake mpaka abiria wa mbele wafunge mikanda. Chini ya kiti kuliwekwa swichi inayohisi uzito. Ukiweka mfuko wa vyakula kwenye kiti cha pembeni, gari linadhani ni mtu asiyefunga mkanda, linakataa kuwaka. Watu walighadhibika. Wakafunga mikanda na kuikalia. Wakakata nyaya. Mafundi wa gereji za huko walifanya kile kile alichofanya fundi wetu chini ya mparachichi. Ilipofika Oktoba, Bunge lao likapitisha sheria ya kuiondoa amri hiyo. Kwa hiyo anayesema kuunga dairekti ni tabia ya Waswahili, ya watu wasiojali, aende akasome habari za Wamarekani wa mwaka 1974 na mifuko yao ya nyanya.

Kuna mfano wa upande wa pili, na huo uko karibu zaidi nasi. Katika miaka ya 1970 Honda ilituma wahandisi wake kwenye nchi zinazoendelea wakaone pikipiki zinavyotumika kweli. Waliona mizigo iliyopita kiasi, oili isiyobadilishwa, vumbi, mafundi wenye spana chache. Wakarudi wakaunda CG125, injini nyepesi kutengeneza na ngumu kufa. Baadaye viwanda vya China vikaiiga injini hiyo kwa maelfu kwa maelfu, na nyingi ya pikipiki za Kichina zilizojaa Tanzania ni wajukuu zake. Ukisikia mlio ukipanda kutoka Kikweni jioni, huenda ni mlio wa mashine iliyobuniwa na watu waliokwenda kwanza kutazama. Swichi ya klachi haikuja na safari ile. Ilikuja baadaye, pamoja na stata, kutoka kwa mtu ambaye, nikiitazama ilivyokaa wazi ikipokea kila tone la tope, nadhani alikuwa anawaza barabara ya lami na gereji yenye paa.

Naweza kukosea juu ya mawazo yake. Ila kwa mteremko sikosei. Mjini, pikipiki huegeshwa nyutro, na swichi hii ni tahadhari ya pili kwa mtu aliyesahau. Ugweno huegeshwa kwenye gia kwa makusudi, kila siku, kila mahali, hivyo swichi ndiyo tahadhari pekee. Hapa ndipo inapohitajika kuliko popote, na hapa ndipo inapokufa upesi zaidi kwa tope na ukungu. Na ikifa, kwa kuwa pikipiki isiyowaka bondeni usiku ni hatari ya namna nyingine, inaondolewa. Mtu anayetaka kumlaumu mtu hapa aanze kwa kuchagua: shangazi au mtoto?

Wazazi wetu hawakuwa na tatizo hili kwa sababu hawakuwa na pikipiki. Mgonjwa alibebwa kwa machela mpaka yalipo magari, ndizi zilishuka vichwani mwa akina mama. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli zilizovusha watu na mizigo toka mpaka hadi mpaka tangu miaka ya 1960. Pikipiki zikalirithi huko Uganda katika miaka ya 1990. Kwetu Tanzania zilifurika kuelekea mwishoni mwa muongo wa 2000, na kanuni za mwaka 2010 zikazipa rasmi leseni ya kubeba abiria, chini ya SUMATRA wakati ule, LATRA sasa. Kanuni zilizungumza juu ya kofia ngumu, leseni, idadi ya abiria. Kilichonivutia mimi ni jambo lisiloandikwa popote: pikipiki hizi hazikai kwa mtu mmoja. Kijana ananunua, anafanyia kazi, anauza ikiwa bado ina bei, anaongeza fedha ananunua nyingine. Chombo kinahama mikono kila baada ya mwaka au miwili. Kadi inahama nacho, funguo zinahama, kofia inahama. Sentensi ya fundi haihami.

Hapa niseme habari ya mafundi wa zamani, maana Ugweno ni nchi iliyoanzishwa na mafundi. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, anaeleza kwamba kabla ya utawala wa Wasuya, nchi hii ilikuwa chini ya Washana, ukoo wa wahunzi. Chuma ndicho kilichowapa nguvu. Wasuya, wakiongozwa na Angovi kama masimulizi yanavyosema, waliwapindua, na mwanawe Mranga akaipanga upya nchi na mabaraza yake na jando lake. Lakini moto wa kufua haukuweza kupinduliwa. Chuma cha Ugweno kiliendelea kuhitajika, kikavuka hadi Uchaga kikawa mikuki na majembe, na aliyeutawala mlima bado alimtegemea aliyeijua nyundo. Majina yale yapo hadi leo. Kila darasa nililosoma lilikuwa na akina Mshana na akina Msuya wakigombania dawati moja, na jina la Msuya limefika mpaka ofisi ya Waziri Mkuu.

Ingekuwa raha kuwaambia kwamba fundi wetu ni Mshana. Insha ingenoga. Si Mshana, na kazi aliijifunzia Mwanga stendi, akishika tochi kwa fundi mwingine.

Ila kuna kitu cha wahunzi ninachokitamani. Kwa wahunzi wengi wa Afrika Mashariki kiwanda kilikuwa na miiko: nani akanyage, nani asishike mvukuto, nani asivuke juu ya nyundo. Wamisionari waliiona ni ushirikina, na sisi tuliosoma tukawafuata. Siku hizi nadhani sehemu ya miiko ile ilikuwa njia ya kulifunga onyo kwenye chombo ili lisibaki kwenye kichwa cha mtu mmoja. Mtoto hakuhitaji kuelezwa kwa nini asiguse. Alijua tu kwamba kile hakiguswi. Chuma cha kutoka ng'ambo kilipoingia, majembe yakawa ya dukani, tanuru zikazimika, na miiko ikabaki bila chombo cha kukaa. Vyombo vipya vikaja na miiko yake ndani, imeandikwa kwa nyaya. Ndiyo hiyo tunayoikata kwa koleo.

Kaka aliiuza pikipiki Januari 2019 kwa kijana wa kijiji cha pili. Yule kijana akaiuza mwaka uliofuata kwa mwingine, ng'ambo ya mlima, upande unaotazama Ziwa Jipe. Agosti 2021, saa za alasiri, mwenye nayo alirudi nyumbani kula. Akaiegesha uani, juu ya ukingo wa mgomba, kwenye gia ya kwanza kama inavyopasa. Ufunguo akauacha. Mdogo wake wa miaka tisa akapanda, akashika usukani, akaendesha kwa mdomo kama watoto wote wanavyoendesha. Kisha akabonyeza kitufe.

Wenyewe walisema iliruka mara mbili tu, kama mbuzi aliyekatika kamba. Ya kwanza ilitoka kwenye stendi. Ya pili ilivuka ukingo. Shamba la chini lilikuwa na kimo cha mtu na nusu. Migomba ilipunguza kishindo, lakini pikipiki ilimwangukia mguuni, paja likavunjika.

Habari ilitufikia mnadani, ikiwa imeshageuka kisa cha mtoto mtukutu na kaka mzembe aliyeacha ufunguo. Kaka yangu aliisikiliza, akauliza rangi ya pikipiki, akauliza kama ilikuwa na mkwaruzo kwenye tangi. Akanyamaza siku mbili. Ya tatu akasema, “Twende.”

Tulikwenda na kilo mbili za sukari na kiasi kidogo cha fedha kwenye bahasha. Mtoto alikuwa bado hospitali. Tulipokelewa na bibi yake. Kaka alimwamkia, akaitikia marahaba, akatuonyesha benchi. Nilitegemea kaka azunguke kwanza, aulize habari za mifugo. Hakuzunguka. Alieleza swichi. Alitumia mkono wake wa kushoto, akikunja vidole kwenye klachi ambayo haikuwepo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo ulijua.”

“Nilijua, bibi.”

“Na fundi alijua.”

“Ndiye aliyeniambia.”

“Uliyemuuzia, ulimwambia?”

“Sikumwambia. Nilisahau. Ilikuwa inawaka vizuri.”

“Na huyu mjukuu wangu mkubwa, mnayemsema huko mnadani?”

“Hakujua. Hakuwa na namna ya kujua.”

Akatazama uani kwa muda, kule kwenye ukingo ambako nyasi zilikuwa zimechanika mahali pamoja. Halafu akamwita yule mjukuu mkubwa kutoka nyuma ya nyumba. Alikuja kijana wa miaka ishirini hivi, macho chini, mtu ambaye kwa wiki mbili alikuwa amebeba lawama zote peke yake. Bibi akamwambia kaka, “Mwambie na yeye. Hivyo hivyo ulivyoniambia.” Kaka akaanza upya, tangu usiku wa mvua. Nilimwona kijana akitazama mkono wake wa kushoto.

Sikusema kwamba ufunguo haukuwa kosa. Ulikuwa. Naye hakusema kwamba haukuwa. Lakini kosa la kuacha ufunguo linajulikana na kila mtu, na kwa hiyo kila mtu analiepuka kwa kadiri anavyoweza. La kwetu lilikuwa limezungushiwa utepe mweusi.

Mtoto alitembea tena, kwa magongo kwanza, kisha bila magongo. Anachechemea kidogo akikimbia.

Tulipita kwa fundi tukamwambia. Hakujitetea. Alisema tu kwamba mwaka huo peke yake alikuwa ameunganisha nyingi, hakumbuki ngapi, na kwamba sasa hivi ziko barabarani na hajui kwa nani. Hilo ndilo lililoonekana kumsumbua, kuliko hata mguu: ziko wapi.

Mara ya mwisho nilimkuta Desemba, nilipopanda kwa ajili ya sikukuu. Mabati yameongezeka, mparachichi umepogolewa. Ana sanduku la swichi za klachi sasa, zimeletwa kutoka Moshi, za aina tatu, kwa sababu, alinieleza, zipo zinazofanya kazi kinyume, zinazofunga umeme pale klachi inapoachiwa. Asiyepima kwa testa anaweza kuunganisha nyaya zilizopaswa kuachwa wazi akashangaa. Kabla ya kubadilisha hujaribu kwanza kuisafisha ya zamani: anaifungua, anapiga petroli kidogo kwa mswaki, anakwangua shaba kwa msasa laini, anapaka grisi kidogo, anasikiliza tik. Nyingi, anasema, hufufuka hapo hapo. Tulikata swichi nyingi zilizohitaji mswaki.

Nilimuuliza kama bado anaunga dairekti. Akasema mteja akiwa na haraka na mgonjwa, anaunga. Hawezi kumwambia mtu asubiri Moshi. Ila utepe wake siku hizi ni mwekundu, na anauzungusha juu, kwenye mkono wa klachi wenyewe, mahali kiganja kinapogusa. Na kwenye tangi, chini ya kiti ambako mvua haifiki, anaandika kwa kalamu ya wino mzito: KLACHI HAINA SWICHI.

“Wanafuta?” nilimuuliza.

“Wengine wanafuta kabla ya kuuza. Inashusha bei.”

Alikuwa akizungumza huku akimalizia moja. Mwenye nayo, kijana aliyevaa koti la mvua, alilipa, akapanda, akaingiza ufunguo. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Akasita, akautazama utepe mwekundu chini ya kiganja chake, akaitikisa pikipiki mbele na nyuma kwa miguu yote miwili kuhakikisha tairi liko huru. Ndipo akabonyeza.